Milimita Sita

Tarime,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mdogo wangu mpendwa Okumu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini Kahama inakutunza, kile kikohozi cha vumbi kimekuacha, na unakula chakula kilichopikwa, siyo maandazi na soda kama nilivyokuzoea. Mimi mwenzako ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapotoka chini ya gari. Mama hajambo huko Busawe. Ameanza kuvuna mahindi na mwaka huu yamekubali kweli kweli, hata ghala la pili amelifungua. Anakusalimu sana, na kuhusu salamu zake hizo nitakueleza huko mbele.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu mbili. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ujumbe ningekuandikia, lakini ungeufuta kabla hujafika katikati. Barua ni tofauti kidogo, maana mtu anaweza kuitupa na bado akairudia kesho yake. Basi nimempa Beryl, binti wa Shangazi Sarah, anayekuja huko kununua mchele wa kupeleka Migori, na nimemwambia asikupe mpaka akuone umekaa. Nakuomba uisome yote, hata kama katikati utatamani kuichana. Neno lililonifanya nishike kalamu liko huko chini, na kwa kweli sina ujasiri wa kuanza nalo.

Nianze na lililo jema. Tarehe sita Julai, siku ya Jumapili, Mzee Ezra wa Kisumu anajaribu madereva tena pale pale kwenye uwanja wa moramu nje ya Migori, na jina lako limo kwenye karatasi yake. Anatafuta dereva mmoja wa timu yake ya mashindano ya magari, kama mwaka jana. Nataka uende. Najua uliapa kwamba hutashika tena usukani. Mama ameniambia kwamba hata Canter ya tajiri wako ulikataa kuisogeza hatua kumi pale ghalani, ukasema kazi yako ni kuhesabu magunia. Mikono kama yako, Okumu, inahesabu magunia.

Huku gereji kumepoa tangu ulipoondoka mwezi wa kumi. Sisemi kazi, kazi ipo. Magari ya Nyamongo yanakuja kila siku bushi zimekwisha na springi zimevunjika, na walimu wanaleta vigari vyao vikilia kama panya. Kilichopoa ni huku kwangu. Bado nasonga ugali wa watu wawili kwa sababu mkono umezoea sufuria ile, na unaobaki naula asubuhi na chai. Tangu mke wangu Awino atutoke, mwaka wa nne sasa, wewe ndiye uliyekuwa ukinijulisha kwamba kumekucha. Ulikuwa unawasha redio kwa sauti ya kuudhi, nakutukana, unacheka, na siku inaanza. Siku hizi redio naiwasha mwenyewe na hakuna wa kumtukana. Nimekuwa mtu wa kuwachelewesha wateja ili wakae kidogo. Juzi mwalimu mmoja alikuja kubadilisha plagi, kazi ya dakika kumi, nikamchemshia chai, nikamuuliza habari za shule na za watoto wake mmoja mmoja, mpaka akaangalia saa mara tatu.

Lile gari ulisema niliuze. Sikuliuza. Kuna kijana wa Sirari alikuja mara mbili kulitazama, akalizunguka akilipapasa, nami nikamwambia lina mwenyewe. Lilikaa chini ya turubai mvua zote za masika. Nilipolifunua mwezi wa tano nikakuta kuku wa jirani ametagia kwenye kiti cha nyuma, mayai saba, na alinitazama kana kwamba mimi ndiye mvamizi. Nikamhamisha na familia yake, nikalisukuma Starlet letu hadi pale penye sakafu ya saruji. Jeupe bado, ingawa weupe wenyewe sasa unahitaji kuamini. Milango mitatu, mgongo umekatwa kwa nyuma, turbo yake nzima. Ukiliona hivi utadhani ni gari la kwendea sokoni, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu, unakumbuka, kuwaacha wenye magari makubwa wakiuliza kimepita nini.

Nikaanza kulipima upya kuanzia chini. Nilijaza maji kwenye mpira wa bomba nikahakikisha sakafu iko sawa pembe zote nne. Nikafunga nyuzi mbili za nailoni, moja kila ubavu, sambamba na gari. Nikateremsha timazi la mwashi kando ya kila tairi ili nione tairi limesimama au limelala. Chini ya tairi za mbele nikaweka vile vigae vyetu viwili viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi zigeuke bila kung'ang'ania sakafu. Kazi hiyo naipenda. Gari zima, kelele zote zile na vumbi lote lile, mwisho wake linategemea rula ya mtoto wa shule na macho ya mtu aliyepiga magoti.

Shida ikawa dereva. Gari tupu ukilipima linakudanganya. Dereva akikaa, upande wa kulia unashuka, na tairi zinabadilika pembe. Ndiyo maana nilikuwa nakuketisha humo saa nzima ukilalamika njaa na mkojo. Sasa nikaenda Busawe nikamwomba Mama gunia la mahindi, nikalipeleka kwenye mizani ya mashine ya kusaga, nikapunguza na kuongeza hadi zikafika kilo sitini na nane, uzito wako wa mwaka jana. Nikaliketisha kwenye kiti chako na kulifunga mkanda. Siku ya pili Wangwe, jirani yetu mchomeleaji, alikuja kuazima msumeno akanikuta naliambia gunia likae vizuri, lisilale upande. Akasimama mlangoni, akaniuliza kama abiria wangu ameshalipa nauli. Tukacheka wote wawili. Alipoondoka na msumeno wake nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye tairi, na sikuweza kuendelea na kazi siku ile.

Halafu ikaja shida ya pili, ya majaribio. Baba, Mungu amrehemu, alituachia sheria moja katika kazi hii: dereva hagusi spana, na fundi hagusi usukani siku ya kujaribu gari. Alisema dereva akianza kushika spana ataacha kuendesha kwa moyo wote, na fundi akishika usukani ataanza kujiona dereva. Tuliishi hivyo miaka sita. Ulikuwa unarudi na kuniambia pua ni nzito, au mgongo unarukaruka, nami naingia chini. Hukuwahi hata siku moja kuniuliza nimegeuza nati ngapi. Watu wa hapa walikuwa wakishangaa unavyoingia kona kwa imani ile. Mimi nilikuwa najua unachoamini. Ulikuwa unaniamini mimi.

Sasa dereva hayupo, na gunia haliendeshi. Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya ibada, nikamwomba Wangwe anisindikize hadi Kerende, kile kipande cha moramu nyuma ya mashamba ulikojifunzia. Tulipanga mapipa manne kama yalivyopangwa Migori. Wangwe akashika simu ya kupima muda na fimbo ya kufukuza ng'ombe. Nilikuwa nimemaliza kupima tu, sikuwa nimegusa nati hata moja. Nilitaka kwanza niliendeshe kama lilivyokuwa siku ile ya Migori, nijue ulikuwa unasikia nini mikononi.

Nilikwenda nusu ya mwendo wako, pengine chini ya nusu. Pipa la kwanza nikapita. Pipa la pili nikakata usukani na gari likaendelea kwenda mbele. Nikakata zaidi, likaendelea. Tairi zilikuwa zimegeuka, nilikuwa naziona, na pua haikujali, ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye ua wa minyaa. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili na likasimama mita chache kabla ya ua. Nina miaka thelathini na tisa, nimetengeneza magari tangu nikiwa na kumi na minne, na sikuwahi kujua kwamba gari linaweza kumkataa mtu namna ile, ukiwa umelishika kabisa.

Wangwe alikuja akikimbia na fimbo yake. Alizunguka mbele, akachuchumaa, akazitazama tairi kwa muda. Kisha akaniuliza, mura, hii gari ni nani aliifunga hivi, maana aliyeifunga hakutaka mtu ageuke. Nikamjibu kwamba ni moramu, imelegea. Akaikanyaga kwa kisigino, na moramu ilikuwa ngumu kama sakafu kwa sababu mvua ilikuwa imeishindilia wiki nzima. Kisha akaingia kwenye gari. Tulirudi Tarime.

Wiki mbili nilifanya kazi ya Starlet peke yake, wateja nikawaambia naumwa. Nilichukua tupa nikapanua tundu la juu la bolti zinazoshika shokapu za mbele, nikazilaza tairi ndani kwa juu milimita kumi na tatu kila upande, ili gari likiinama kwenye kona tairi la nje likanyage kwa uso wake wote badala ya kusimama kwenye ukingo. Nikazifungua pua za tairi hizo, yaani kingo zake za mbele, nje kidogo, milimita moja kulia na moja kushoto, ili ziwe na haraka ya kuingia. Nyuma nikaweka washa nyembamba za bati kwenye vikombe vinavyoshika tairi, nikapunguza ile tabia ya kufuata mstari tu, nikainua springi kidogo ili mgongo nao ushiriki kugeuka. Kila nilipobadilisha kitu kimoja kingine kilihama, nikaanza tena na uzi na rula. Ulikuwa unaniita mganga wa kienyeji kwa ajili ya nyuzi hizo. Nilikuwa nasikia sauti yako ukilisema hilo, na nilikuwa najibu.

Jumapili iliyopita tulirudi Kerende. Pipa la kwanza, la pili, la tatu. Okumu, ukiligusa linaingia. Halisubiri kuambiwa mara mbili. Mgongo unafuata polepole, ukiongeza moto pua inalivuta gari nje ya kona bila kugombana nawe. Mimi siyo dereva, na bado nilipita mapipa yote manne nikijiona mtu. Niliposimama nikagundua nalia. Wangwe alidhani ni vumbi, akanipa maji ninawe. Nikamwambia siyo vumbi. Nikamwambia pale pale, mbele ya mapipa, kile ambacho sasa nakuambia wewe, na nakiri kwamba ilikuwa rahisi zaidi kumwambia yeye.

Aliyefunga gari vile ni mimi. Nilifanya makusudi.

Siku ya Alhamisi kabla ya Migori ulilijaribu ukarudi unacheka. Lilikuwa zuri siku ile, karibu sawa na lilivyo leo. Jioni ulipokuwa unakula ukanieleza ulichozungumza na Mzee Ezra kwenye simu, kwamba ukifaulu wiki ile ile unahamia Kisumu, chumba kipo, na kwamba mafundi wao wanao, hawahitaji mwingine. Ulilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, ukaendelea kula. Sidhani uliona chochote usoni mwangu. Nilikupongeza. Nilikuongezea mboga. Kisha nikaosha vyombo nikiangalia sahani mbili zile, nikawa nafikiria nitakaa hapa na nani.

Ijumaa ulikwenda Sirari kufuatilia karatasi za kuvusha gari mpakani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mlango wa gereji wazi, yeyote angeweza kupita akaniona. Nililegeza bolti za shokapu nikazisimamisha tairi za mbele wima. Nikazungusha tairodi zote mbili, vile vyuma vinavyogeuza tairi, nikazifunga pua za tairi ndani milimita sita. Nilizungusha kulia na kushoto sawasawa ili usukani usikae upande, maana ukikaa upande ungeshtuka. Unaona nilivyokuwa makini. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Gari lililofungwa pua ndani linatulia sana kwenye barabara iliyonyooka, na Jumapili tulipokuwa kwenye lami kwenda Migori ulinisifu, ukasema, kaka, leo limetulia kuliko siku zote. Nikakwambia asante.

Yaliyofuata unayajua, lakini ulikuwa unayajua kwa uongo. Raundi ya kwanza ulilikosa pipa la tatu ukaenda hadi kwenye nyasi. Ulikuja dirishani ukaniambia pua inakataa kuingia, niangalie. Nilipaswa kuingia chini. Spana ilikuwa mfukoni na muda ulikuwepo, dakika arobaini kabla ya raundi ya pili. Badala yake nikakwambia gari halina tatizo, moramu imelegea, na mikono yako imekaza kwa woga. Nilikutazama machoni nikakwambia hivyo. Raundi ya pili ukakata mapema, likateleza likagonga pipa. Ya tatu ulikwenda kama anayembeba mgonjwa. Mzee Ezra alikupa mkono akasema moyo unao ila mikono haijatulia, na wewe ukaitikia kwa kichwa kwa sababu fundi wako alikuwa ameshasema hivyo hivyo.

Ulituendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, bodaboda zikitupita kulia na kushoto. Ukatundika ufunguo. Nilidhani utanuna wiki moja, halafu tutarudi kwenye maisha yetu. Nilidhani nimekuchelewesha tu, mwaka mmoja, miwili, kama ninavyomchelewesha mwalimu na chai yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuacha kuiamini mikono yake mwenyewe. Nilikuona ukikataa kuendesha kwenda sokoni. Nilikuona ukimpa Wangwe ufunguo ajiendeshe mwenyewe alipohitaji kupelekwa hospitali. Miezi miwili nilikutazama hivyo na sikusema, kila siku nikijiambia kesho. Ukaondoka. Nilichokiogopa kimenipata kikiwa kamili, tena kibaya kuliko kama ningekuacha uende, kwa sababu ungekwenda Kisumu ukiwa Okumu.

Sikuandikii nikitafuta udhuru. Upweke ninao, lakini wapweke ni wengi na hawafanyi hivi kwa ndugu zao. Ulikuwa mdogo wangu na ulikuwa umefunga mkanda ndani ya kitu nilichokiharibu kwa mikono yangu. Pipa lile lingekuwa mti, leo ningekuwa namwandikia nani? Nililiwaza hilo pale Kerende mbele ya ua wa minyaa, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, wala sistahili.

Mama nilimwambia Jumatatu. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea hadi ungo ukajaa, asinitazame, nami nikiwa nimekaa kwenye kigoda kama mtoto anayengoja fimbo. Kisha akaniambia salamu zake kwako nisiziandike kwenye karatasi isiyo na neno hili. Ndiyo maana nimeziandika leo, na ndiyo maana nimekuomba usome hadi hapa.

Jumatano nilivuka kwenda Migori kuonana na Mzee Ezra, aliyekuwa amekuja kukagua uwanja. Nilimkuta na mafundi wake wawili. Nilimpa shikamoo, yeye akanipa mkono tu kama walivyo wenzetu wa upande ule, akaniambia sema. Nikasema yote. Akaniambia rudia, wasikie na hawa. Nikarudia. Fundi mmoja alicheka, mwingine akawa anaitazama mikono yangu, na huyo wa pili ndiye aliyeniumiza. Mzee akauliza Starlet lile lilikwenda muda gani likiwa limefungwa milimita sita ndani. Nikamwambia. Alimgeukia fundi wake wakaangaliana. Akasema kijana aliyezungusha gari la namna hiyo mapipa yote na akalirudisha bila kulipindua anataka kumwona tena, tarehe sita, saa mbili asubuhi. Kisha akasema mimi nisionekane hapo. Siyo uwanjani, siyo getini, wala barabarani. Nikamwambia sawa, na nilimaanisha.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Ijumaa ya tarehe nne Julai nitapanda basi la asubuhi kwenda Busawe kumsaidia Mama kuvuna, na nitakaa huko hadi Jumatano. Ufunguo wa gari na wa nyumba utakuwa kwa Wangwe, na karatasi za kuvusha gari nimeshazifuatilia, zimo kwenye dashibodi. Uje nyumbani kwenu ulale kitandani kwako bila kuwaza utaniangalia vipi.

Gari utalikuta kwenye sakafu ya saruji, nyuzi zimefungwa, vigae viko chini ya tairi, rula na timazi viko juu ya boneti. Vipimo vyote nimeviandika ukutani kwa chaki, kwa tarakimu kubwa, kila tairi na chake. Wangwe atakaa kwenye kiti, ni mzito kidogo kuliko wewe lakini atafaa. Wewe piga magoti upime mwenyewe. Usitegemee maneno yangu. Anza na tairi za mbele, pima ukingo wa mbele na wa nyuma kutoka kwenye uzi, toa kipimo kidogo kwenye kikubwa. Siyo vigumu, ni vile tu hatukukufundisha. Kisha kamata kila nati kwa spana uone kama imekaza. Ukikuta hata nusu milimita imetofautiana na nilichoandika, usiliendeshe, mwite fundi mwingine yeyote unayemtaka.

Halafu nenda kwanza Kerende kabla ya Migori. Mapipa nimeyaacha pale pale. Pita mara moja tu. Gari litakuambia kuhusu mikono yako yale niliyokunyima mwaka jana, na litakuambia kwa sekunde kumi tu, sina haja ya kuongeza la kwangu.

Wakikuchukua, endelea moja kwa moja hadi Kisumu. Usipitie hapa kwanza kuniaga, na usinirudishie gari, ni lako. Ukiamua usiende kabisa, basi usiende kwa sababu hutaki, isiwe kwa sababu ya lile nililokwambia dirishani. Msamaha siuombi kwenye barua hii. Ukija kuwa nao siku moja, utakuwa wako kuutoa, na usipokuwa nao nitaelewa.

Wasalimie hao unaofanya nao kazi, na yule mama anayekupikia kama kweli yupo na siyo maandazi. Shangazi Sarah naye anakusalimu. Mungu akutunze njiani. Habari zako nitazisikia kwa Mama, kama utamruhusu aniambie.

Ni mimi kaka yako,

Okech.